Samli ya Mama na Dakika Hamsini na Tano

Jumatatu, 7 Julai 2025

Siku kumi na mbili kabla ya harusi ya Brightness huko Hamburg. Leo nimemaliza jedwali la safari. Safu tano: uwanja, kufika, kuondoka, dakika za kusubiri, dakika za kupoteza. Watu hawaijazi hiyo ya mwisho, ndiyo maana wanazeekea viwanjani.

Mdogo wangu Kefa amekata tiketi moja ya safari nzima. Mke wangu Loisi ameamua kusafiri naye. Wataondoka Dar alfajiri ya Ijumaa ya wiki ijayo, kisha watakaa saa saba katika uwanja wa kubadilishia ndege. Nilimuuliza Kefa atafanya nini humo saa saba. Akasema atakunywa chai, atanyoosha miguu, atatafuta lango lake taratibu. Mtu wa miaka hamsini na moja anakwenda ng'ambo kunyoosha miguu.

Mimi napita njia nyingine, tiketi mbili mbalimbali. Kusubiri: dakika hamsini na tano. Nitaondoka Dar saa nne asubuhi, wao wako angani siku nyingi, na bado nitatua Hamburg saa nzima kabla yao. Nitawapokea. Nimeshaamua nitakavyosimama: mikono nyuma, kama mwenyeji.

Loisi amesema yeye anakwenda harusini, haendi mashindanoni. Nimepiga mstari chini ya 55.

Jumatano, 9 Julai

Majengo, kuchukua tiketi kwa Respicius, wakala wa ndege. Ofisi yake iko kati ya muuza maharage na muuza magunia, ila anavaa tai. Alinieleza kama mtoto wa darasa la pili. Tiketi mbili ni kampuni mbili, hazijuani. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri wala haikupi nyingine. Ukikabidhi sanduku Dar, litaishia katikati, ulifuate mwenyewe, ulikabidhi upya, na dakika hamsini na tano hazitoshi hata kuliona.

Nikamwambia sina sanduku. Begi la mkononi tu.

"Mzee Yotham, unakwenda kumwoza binti yako wa pekee na begi la mkononi?"

Nikamkumbusha kwamba nimekuwa mtunza stoo ya serikali miaka ishirini na sita. Kama kuna mtu Dodoma hii anayejua kitu gani kinaingia wapi, ni mimi.

Akanipa karatasi nisaini kwamba amenionya. Nimesaini. Mtu mwoga hawezi kuendesha biashara ya ndege.

Jumapili, 13 Julai

Chamwino, kumuaga mama. Kefa alikuwa amefika kabla yangu na ameshakaa kwenye kiti kizuri.

Mama ametoa makopo mawili ya samli, aliyoipika mwenyewe. Moja la mama mkwe wa Brightness. La pili la Brightness mwenyewe: apakwe mikononi asubuhi ya harusi, kabla hajaingia kanisani, na wa kumpaka ni baba yake. Mama alisema yeye alipakwa na baba yake, na ndiyo maana mikono yake haijawahi kukosa kazi. Halafu akanitazama. "Wewe, Yotham. Si mwingine."

Kefa akajitia wema. "Kaka, nipe mimi makopo yote, sanduku langu lina nafasi." Nikasema mbele ya mama kwamba samli ya mwanangu nitaibeba kwa mkono wangu. Mama akafurahi. Kefa akanywa uji.

Tatizo ni kwamba vimiminika haviruhusiwi mkononi, isipokuwa vichupa. Nimelifikiria hili njia nzima ya kurudi. Baridi ya Julai imeifanya samli jiwe. Nimeligeuza kopo juu chini mara tatu, halikutoka hata tone. Kwa hiyo si kimiminika. Sheria iko upande wangu.

Jumatano, 16 Julai

Begi langu linaruhusiwa kilo saba. Mizani ya stoo inasema kumi na moja na nusu. Suti mpya ya harusi, viatu, makopo mawili, Biblia.

Jioni nimekwenda Chang'ombe kwa Kefa, nikajitolea kumpimia sanduku lake. Alishukuru sana, maskini. Kilo kumi na tisa, na anaruhusiwa ishirini na tatu. Kilo nne nzima zimelala bure, mbele ya macho ya mtunza stoo. Alipotoka na Loisi kumtafutia bajaji, nikaweka chini kabisa suti yangu ndani ya mfuko wa nailoni wa fundi na viatu, na juu kopo la mama mkwe. Nitavichukua Hamburg nikimpokea. Nitamwambia nimemsaidia kujaza nafasi.

Kopo moja lilikuwa na kifuniko kizuri, jingine kimelegea. Kizuri nimekiweka kwenye la Brightness. Kile kilicholegea kimekwenda na Kefa, juu ya suti yake ya kijivu. Ni sawa, imeganda.

Alhamisi, 17 Julai

Treni mpaka Dar, sote watatu. Kefa kalala njia nzima mdomo wazi. Loisi aliniuliza kwa upole: "Baba Brightness, nguo zako ziko wapi?" Nikasema zimepangwa.

Dar joto. Samli imeanza kulegea pembeni. Mwenye nyumba ya wageni, dada Evarista, amekubali kuiweka kwenye friza yake, katikati ya vibua. Akauliza kama ni dawa. Nikasema ni urithi.

Ijumaa, 18 Julai, angani

Kefa na Loisi wameondoka alfajiri. Nimelala vizuri kuliko wao.

Nimevaa suruali mbili, mashati matatu, sweta, koti la mvua. Hivyo begi lina kilo sita na nusu. Pale Dar mkaguzi aliligonga kopo kwa kidole, likalia kama mbao. Nikaligeuza juu chini. Akacheka, akasema, "Haya, mzee, pita. Ila likiyeyuka huko mbele, hujaniona."

Ndege imechelewa kuruka dakika kumi na nane. Zimebaki thelathini na saba. Jedwali liliruhusu ishirini.

Nina baridi, nimelipakata kopo ndani ya sweta. Harufu ya vibua. Abiria wa jirani amehama kiti.

Ijumaa hiyo hiyo, benchi karibu na lango 41

Naandika kwa utaratibu, ili ijulikane kosa lilikuwa la nani.

Hakuna aliyeniambia kwamba anayebadilisha ndege hukaguliwa upya. Respicius alisema "utapita ukaguzi," lakini hakulitia mkazo.

Foleni: dakika tisa. Koti la mvua, sweta, mkanda, suruali ya juu, viatu: dakika sita. Msichana wa ukaguzi aliita mwenzake aje aone. Kisha kopo. Nikaeleza kwamba hiki ni kitu kigumu, na ili kuthibitisha nikaligeuza juu chini.

Nilisahau kwamba nililipakata kwa muda wa saa sita.

Kifuniko kizuri kilishika, lakini ndani ilisikika ikicheza, chubwi, chubwi, kama maji ya mtungi. Msichana akatikisa kichwa na kunyoosha kidole kwenye pipa. Nikamwambia hiyo ni ya binti yangu. Nikamwambia angoje igande. Nikaomba mkubwa wake, akaja, ana adabu kabisa, akasema naweza kuchagua kopo au ndege.

Dakika kumi na moja nilichagua kopo.

Mwisho nililiweka mwenyewe kwenye pipa, wima, lisimwagike. Nikakimbia na suruali moja mkononi. Lango 41 mlango umefungwa. Ndege ilikuwa bado ipo. Niliiona kwenye kioo, karibu kabisa, ikisukumwa nyuma.

Kampuni ya pili inasema sikufika. Kampuni ya kwanza inasema ilinifikisha. Karatasi ya Respicius imo mfukoni. Ndege nyingine ni kesho, muda huu huu, na tiketi ni ya kununua upya. Nimenunua. Harusi ni kesho saa nane mchana. Nimejumlisha mara nne.

Jumamosi, 19 Julai, benchi lile lile

Nimemwandikia Loisi kwamba kuna hitilafu ndogo ya kiufundi.

Kwa saa ya Hamburg ni saa nane kamili. Ujumbe wa Loisi: "Uko wapi? Yuko mlangoni anakusubiri."

Saa nane na robo: "Anasema wasianze."

Saa nane na nusu hajaandika.

Saa nane na dakika arobaini: "Kefa amemwingiza."

Mzee mmoja wa benchi la pili amenipa biskuti. Sikumwomba.

Jumapili, 20 Julai, Hamburg

Nilifika ukumbini jana watu wakikunja viti. Nikasaidia kukunja viti.

Leo wamenionyesha picha. Brightness amependeza mno, siwezi kuandika. Anapita katikati ya kanisa ameshika mkono wa Kefa, na Kefa amevaa suti yangu.

Nimeuliza. Loisi amenieleza taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyopotea. Usiku wa Ijumaa walipofungua sanduku, kopo la samli lilikuwa limeyeyuka, kifuniko kimeachia, na suti ya Kefa imelowa toka kola mpaka mfukoni. Kopo lilifikaje humo hakuna aliyejua. Chini kabisa wakakuta suti mpya, safi, kwenye nailoni, na viatu. Loisi akaitambua. Imemtosha Kefa kuliko inavyonitosha mimi. Loisi hakusema hivyo, picha inasema.

Asubuhi, Loisi akakumbuka maneno ya mama. Akakamua samli kutoka kwenye koti la Kefa, kiasi cha kijiko. Walinisubiri mpaka wa mwisho, na nilipokosekana, Kefa akampaka.

Brightness alikuja jikoni nikiwa peke yangu. Sijamwona akiwa mdogo hivyo tangu alipokwenda shule ya bweni. Akasema, "Baba, nilimwambia mchungaji baba yangu hachelewi, anahesabu mpaka dakika. Akanipa arobaini. Kulikuwa na ndoa nyingine nyuma yetu."

Nikamweleza kuhusu ukaguzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza hilo kopo lilikuwa na thamani gani. Nikasema ni samli yake. Akaniwekea chai, akatoka.

Kefa ameniomba radhi. "Kaka, nisamehe, sikuwa na namna." Hiyo ndiyo imeniuma kuliko yote. Nimempa mkono. Suti imekuwa na doa la keki.

Jumatano, 30 Julai, Dodoma

Nimekwenda Chamwino. Mama ameshaziona picha kwenye simu ya Kefa. Ameuliza kama Brightness alipakwa. Nikasema alipakwa. Na nani? Nikasema na familia. Mama akaendelea kuchambua mtama. Baadaye akasema Kefa alikuwa mtoto wa taratibu tangu utotoni, hakuwahi kuanguka na kibuyu.

Brightness ametualika wote Krismasi. Ameniandikia mimi peke yangu chini: "Baba, tafadhali, safari hii njoo na baba mdogo, tiketi moja." Nimemjibu ndiyo, mwanangu.

Jioni nimelitazama tena jedwali kwa utulivu. Kosa halikuwa dakika. Dakika zilitosha. Tatizo lilikuwa samli, ambayo kwa asili yake inayeyuka. Asali haiyeyuki. Imekuwa vile vile tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna wa kunishtukiza nayo. Nimeshaagiza makopo mawili.

Respicius anasema Desemba kuna ndege mbili zinazopishana kwa dakika arobaini. Kefa amekwisha kata ya kusubiri saa sita. Nikiruka na ya arobaini, nitafika kabla yake kwa saa mbili na robo.

Kopo la pili nitaliweka kwa Kefa. Sanduku lake huwa na nafasi.