Msumari wa Sebuleni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Habari njema! Mama mkwe amepaka rangi sebule yake. Saa ya ukutani aliyoletewa na mwanyumba wangu, yaani mume wa shemeji yangu, imeshushwa. Msumari uko mtupu. Jumapili wanakuja wageni, na mama mkwe ametangaza kwamba kitakachokuwa ukutani siku hiyo hakitashuka tena. Miaka yote nimekunywa chai chini ya saa ile huku mwanyumba akiitazama na kutabasamu. Inaniuma. Sasa basi! Nitakereza sinia la mbao, la pambo, pana kama beseni la kufulia. Kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata kipande cha gogo kwa mkata miti. Mti uliangushwa wiki iliyopita, unyevu bado upo, patasi itapita kama kisu kwenye papai. Fundi wa mtaani kwetu, anayekereza miguu ya viti, amekubali nitumie mashine yake. Ila akaniambia mbao mbichi hukerezwa mara mbili. Kwanza unaliacha sinia nene, unaliweka kivulini miezi kadhaa likauke na kujipinda linavyotaka, ndipo unalirudisha kwenye mashine kulimaliza. Nikaitikia kwa adabu. Miezi! Huyu bila shaka ametumwa na mwanyumba.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekereza! Kazi yenyewe si ngumu. Mbao inazunguka yenyewe, wewe unashika patasi tu. Mwanzoni patasi ilinasa, ikanitoka mkononi, ikaenda kujificha chini ya meza. Fundi akazima mashine, akaiokota, akanionyesha namna ya kuiegemeza kwenye chuma kabla haijagusa mbao. Maranda mabichi yamenijaa mpaka masikioni. Lakini jioni sinia likatoka, duara safi, ukingo mwembamba. Fundi alilitazama, akauliza kwa upole kama juzi sikumsikia. Nikamjibu nilisikia sana. Akanipa kipande cha msasa, akaenda zake kufagia.

Ijumaa, 7 Machi
Mbinu ya leo: kukausha haraka. Nimelianika juu ya bati tangu asubuhi. Mchana nimelikuta limejikunja, ukiliweka mezani linayumba. Si neno, ukutani hakuna meza. Ufa mdogo wa ukingoni nimeuziba kwa gundi na unga wa mbao. Kisha nikaligandamiza chini ya cherehani. Mke wangu akauliza yeye atashonea wapi. Nikamwambia avumilie, heshima ya nyumba iko chini ya cherehani. Akasema heshima hiyo inanuka gundi.

Jumamosi, 8 Machi
Ushindi! Nimemwahi mwanyumba. Alipofika na saa yake kwapani, betri mpya, sinia lilikuwa tayari kwenye msumari, limefungwa waya nyuma, linang'aa kwa mafuta. Mama mkwe alilipapasa, akaniuliza, "Baba, kweli umelitengeneza mwenyewe?" Macho yakanilowa, sioni aibu kuandika. Mwanyumba akasema ni zuri, ingawa upande mmoja unachungulia kwa jirani. Wivu huo.

Jumapili, 9 Machi
Wageni walijaa. Sebule ikapata joto. Mama mkwe alisimama kuwaeleza jinsi mkwewe alivyo na mikono ya kazi. Hapo hapo, kwaa! Nusu ya sinia ikatua kwenye sahani ya biskuti. Nusu ya pili ikabaki msumarini, inabembea. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkwe hakunikemea. Aliokota ile nusu, akaitumia kuzuia mlango uliokuwa ukijibamiza, akasema sasa kila anayeingia ataanza na kazi ya mkwewe. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mwanyumba akaishusha nusu ya pili, akatundika saa yake, akarudi nyuma hatua chache, akaniuliza kwa heshima zote ni saa ngapi. Nikamtajia.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Gogo lile lilikuwa kuukuu. Wiki nzima lilikaa tangu mti uangushwe! Mkata miti ameniahidi jingine, la mti ulioangushwa leo asubuhi, bado linachuruzika utomvu. Saa ile nayo siku moja betri itaisha. Nimepita kwa fundi kumwomba aipake mashine mafuta, nikamweleza habari za gogo. Alivuta kiti, akakaa.