Makofi Mawili na Kishindo

Leo nimeumbuka. Si kuumbuka kwa kujikwaa njiani ukainuka, ukajikung'uta na safari ikaendelea. Nimeumbuka mbele ya wanafunzi saba, walimu wawili na mama mmoja mwenye ufagio! Nawaandikia wenzangu mlioko Tanga leo hii hii, kwa sababu kisa hiki mkikipata kwa Kassimu muuza kahawa, kitakuwa kimeota mkia na pembe.

Mwajua kuwa mimi hupinda leso kwenye baraza ya duka la Bwana Ratilal, Biashara Street. Na mwaujua mgongo wangu ulivyokuwa (nilitembea kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka). Miaka sita iliyopita Bwana Ratilal alinihurumia, akanipandisha juu ya paa la nyumba yake asubuhi kabla ya kufungua duka, akaanza kunifunza yoga. Yeye alifunzwa huko kwao Bara Hindi na mzee aitwaye Babuji, naye Babuji alifunzwa na mwalimu wake, hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka huko kusikojulikana. Sharti lao ni moja tu: huulizi. Mwalimu akifanya, nawe fanya.

(Kabla sijaanza nilimwendea sheikh wa mtaani kwetu Kuze, nikamweleza ni mazoezi ya kujinyoosha na kuvuta pumzi. Baada ya mwezi akaniuliza, "Mgongo wapoa?" Nikamwambia, "Wapoa, sheikh." Akajishika kiuno. "Wangu nao waniuma," akasema.)

Basi nikafuata kila kitu. Bwana Ratilal kabla ya kukaa chini husugua goti la kushoto mara tatu na kuguna, "Aaah." Nami nikasugua, nikaguna. Tukisimama tumefumba macho, yeye ameelekea kule ukutani mkewe anakoanika papari, zile chapati nyembamba za dengu, ikifika pumzi ya tatu au ya nne hupiga makofi mawili, pa! pa!, kisha mguu wa kulia chini, di! Siku za mwanzo nilichungulia kwa jicho moja. Nikamwona amekunja uso kwa bidii ya ajabu. Nikafumba haraka. Tangu hapo, pumzi ya tatu ikifika, nami pa! pa! di! Siku nyingine mwalimu hakupiga. Nikadhani amesahau, nikampigia.

Mwaka huu akaanza kuniachia wanafunzi wapya kila Jumapili anapokwenda hekaluni. Nikawafunza yote, na maelezo juu (maelezo niliyatunga mwenyewe, Mungu anisamehe).

Sasa leo. Babuji mwenyewe ameshuka bandarini juzi, mzee wa miaka themanini na kitu, mwembamba, macho makali. Amekuja kumwona mjukuu wake, na Bwana Ratilal akamwomba anipime. Nikifaulu, atanivika shali nyeupe nami nitakuwa mwalimu, wa tatu baada yao. Mimi, fundi wa leso! Nilikuwa na hakika hata nikachora kibao nikakitundika mlangoni kwangu: MWALIMU MBARAK, MIGONGO YOTE. Mama mkwe wangu alikisoma, akaniuliza, "Na leso ni nani atakayezipinda?" Kwake yeye, miaka yote hii, mimi ni "yule wa cherehani." Nikaapa moyoni kuwa leo ataniita mwalimu.

Asubuhi paa lilikuwa limefagiwa likang'aa. Papari zote zimeondolewa kumpisha mgeni na kiti chake. Nikawapanga wanafunzi wangu saba, Kassimu wa kahawa mbele, nikasema kwa sauti nzito, "Fumbani mato." Nami nikafumba.

Pumzi ya kwanza. Safi. Ya pili. Nilisikia hata upepo ukipita. Ya tatu.

Pa! Pa! DI!

Watu wanane kwa mpigo mmoja! Paa lilitikisika. Nilijaa fahari mpaka kooni.

Kisha nikasikia Babuji ananong'ona kwa Kigujarati, na Bwana Ratilal akafasiri kwa sauti ya mtu aliyemeza mbegu ya ukwaju. "Yuwauliza, hayo makofi ni ya nini?"

"Mwambie ni ya kuamsha ini," nikasema, macho bado nimefumba. "Na kishindo ni cha kuteremsha upepo wa tumboni."

Wakanong'onezana tena.

"Yuwauliza ni nani alokufunza."

"Ni wewe, mwalimu wangu," nikasema, na machozi yakanilengalenga (mjinga mimi).

"Yuwasema... mrudie."

Tukarudia. Jamani, tulirudia! Kassimu aliruka kabisa. Chini dukani majora ya kitambaa yakaporomoka, na mara nikasikia ndara zikipanda ngazi mbio. Nikafumbua macho. Mama Kokila, mkewe Bwana Ratilal, alikuwa mlangoni, ufagio juu, anatazama huku na huku angani.

"Kunguru iko wapi?" akauliza.

Akazunguka paa zima akitafuta.

"Papari yote iko ndani leo! Nyinyi nafukuza kunguru gani?"

Nilimtazama Bwana Ratilal. Bwana Ratilal alikuwa anazitazama kucha za miguu yake.

"Mwalimu," nikamwambia polepole, "miaka sita?"

"Mimi nalidhani wanisaidia!" akasema.

Nikaketi. Na kwa kuwa mazoea hayana aibu, nilisugua goti la kushoto mara tatu nikaguna, "Aaah." Bwana Ratilal naye akaketi kando yangu, akasugua lake, "Aaah."

Babuji akainama mbele. Akauliza jambo, kidole akielekeza magoti yetu. Bwana Ratilal akamjibu kwa heshima, mikono ameikunja. Babuji akasema maneno machache tu, na Bwana Ratilal akabadilika rangi. Hakufasiri. Mama Kokila ndiye aliyefasiri, kwa furaha kubwa.

"Babuji nasema yeye mwenyewe zamani alianguka na baiskeli. Goti iliuma miaka miwili, basi, ikapona."

Bwana Ratilal ana miaka arubaini anamwiga kusugua goti lile!

Hapo mzee akacheka. Alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, tukampa maji. Kisha akainuka, akanijia, akaniwekea ile shali mabegani.

"Nasema huyu ni mwanafunzi wa Ratilal kweli kweli," Mama Kokila akafasiri. "Yeye haina shaka."

Nililia. Furaha na aibu, vyote vikitokea jicho moja. Nikawaambia wanafunzi kuanzia kesho makofi basi. Kassimu akakataa katakata. Ati ini lake halijapata kuwa zima kama mwaka huu.

Nilifika Kuze baada ya adhuhuri, shali shingoni. Habari ilikuwa imenitangulia. Kwenye kibao changu, chini ya MIGONGO YOTE, mtu ameshachora kunguru (na amemchora vizuri, mpaka kucha). Mama mkwe alikuwa amekaa barazani, mdomo ameuziba kwa leso niliyompindia mwenyewe, mabega yanamtikisika.

"Karibu, mwalimu," akasema.

Mwalimu! Wallahi nilisimama wima kama mlingoti.

"Nimeanika mpunga hapo uani," akaendelea. "Kunguru wamenishinda. Hebu nifanyie hisani."

Ningefanyaje? Nilikwenda. Pa, pa, di. Waliruka wote, hakubaki hata mmoja.

Basi chekeni, ruhusa nimewapa. Ila nikija Tanga, nawaombeni, mtu asinipokee kwa makofi.