Ombi la Kumwondoa Binti wa Kaka Yangu Katika Mashindano ya Kuchomelea

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi,

Mheshimiwa, salamu za heshima, na pole kwa kazi ya kulea watoto wa watu. Mimi ni fundi cherehani. Binti wa kaka yangu, yule wa mwaka wa pili ambaye mtaa mzima unamwita Cheche, anaishi kwangu. Mmemchagua akiwakilishe chuo katika mashindano ya kuchomelea, na mkamwazima mashine afanyie mazoezi nyumbani. Hapo ndipo mliponiweza. Naomba kwa unyenyekevu jina lake liondolewe, kwa sababu zifuatazo.

1. Umeme. Akigusa chuma kule uani, huku ndani cherehani inakata pumzi. Nimemshonea bibi harusi gauni ambalo mkono mmoja umeshonwa kwa kwikwi. Nilimwambia ndio mtindo mpya, akakubali, na sasa marafiki zake wanautaka. Siwezi kuurudia bila Cheche kuwasha mashine.

2. Ulimi. Zamani alikuwa mtoto wa shikamoo na kupita. Siku hizi anasimama nyuma yangu, anainama, kisha anatamka mbele ya wateja: "Shangazi, mshono huu una matundu. Waamuzi wangekukata." Mimi, niliyeshona sare za shule nzima.

3. Posa. Walikuja wageni wa maana. Mama wa kijana akakaa kwenye kiti changu cha chuma, kiti kikatoa mlio. Badala ya kuinamisha macho kama nilivyomfunza, Cheche akamwomba mama wa watu asimame, akakigeuza kiti miguu juu, akatoka nacho. Tukaona mwanga dirishani. Akakirudisha akiwa bado na kinyago chake cha kazi, akasema, "Karibu, mama, hakitapiga kelele tena." Kweli kiti hakikupiga kelele. Aliyepiga ni mgeni, maana chuma kilikuwa hakijapoa. Posa imerudi ilikotoka. Kijana mwenyewe amebaki. Kila jioni anakuja kumshikia vyuma, na sijui nimweke fungu gani.

4. Mwenye nyumba. Alikuja kunionya kuhusu moshi, akakaa ndani akinisubiri nitoe udhuru. Cheche alikuwa langoni akijizoeza mshono wa wima, uso kaufunika, hasikii la mtu. Alipomaliza, lango lilikuwa ukuta. Mwenye nyumba alishinda kwetu, akala, akasinzia juu ya mabaki ya vitambaa, hadi mkewe alipokuja na kuongea naye kupitia tundu la ufunguo. Mama huyo alituomba tusiharakishe kufungua.

5. Hili ndilo linalonitisha. Juzi nilijikuta nimesimama mbele ya dirisha la nyumba nisiyoijua, nikikagua nondo na kunong'ona, "Hapa mkono uliharakishwa." Mwenye dirisha alimwita mlinzi. Mheshimiwa, ugonjwa huu unaambukiza.

Mkimwacha ashindane, atashinda. Akishinda, hataacha. Asipoacha, nitaanza na mimi, na nguo za watu hawa atazishona nani? Mpeni fani ya kimya, kwa mfano uchoraji wa ramani.

Nisalimie walimu, mpishi, walinzi na wanafunzi wote, hasa wale ambao masomo yao hayana moto.

Wako katika moshi,
Shangazi wa Cheche

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mwalimu wake amepita. Anasema kamati imemkata, eti hakuna aproni ya ngozi inayomtosha; zote zilikatwa kwa miili ya wanaume, na bila aproni haruhusiwi kuingia ulingoni. Cheche alikaa ukingoni mwa kitanda akivua glavu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayerudisha vitu vya kuazima. Sikuweza kumtazama. Nimeichuna ngozi ya kochi langu la sebuleni, lile ambalo hata mimi huwa silikalii. Sindano mbili zimevunjika, ya tatu ikakubali. Aproni imemkaa mabegani, imemkaa kiunoni. Kesho nitamleta mwenyewe akiwa ameivaa, na mwanakamati mwenye neno lolote atanikuta mlangoni. Hayo ya juu, Mheshimiwa, naomba uyahesabu kuwa yaliandikwa na jirani.