Chumvi kwa Jicho la Kahaso

Jumatatu, 24 Februari 1964
Salamu kwanza. Mwalimu wa ngumbaru ametufundisha barua tu, basi hata shajara naianza hivyo. Baba Biasha hajambo, ila mgongo. Mama mkwe hajambo, anakohoa lakini kusema hajapunguza. Mbuzi hawajambo. Nawe Biasha mwanangu, uliyeolewa Wasini, mimba yako yaninyima usingizi! Nyanya zangu ndizo nauli ya kukufikia ukijifungua. Nazo zanyauka!

Lakini furaha! Pampu ya ushirika imefika. Bwana shamba Mwinga amechomeka vipimo vya unyevu mashambani: vijiti vya chuma, waya, na sanduku lenye mshale. Udongo mkavu kuliko wote utapata maji kwanza. Mkavu kuliko wangu uko wapi? Ila jirani yangu Kahaso alizitazama nyanya akasema, aka, zilivyokuwa nzuri! Mashaallah hakusema. Nimeshamjua. Nimezungusha chumvi shamba zima, na konzi nzima kwenye tundu la kipimo, jicho lake lisipite hapo.

Jumanne, 25 Februari
Balaa! Mshale umerukia upande wa maji. Bwana Mwinga akasema shamba langu limeshiba. Nikamwambia aguse, vumbi tupu! Akasema kipimo hakina chuki na mtu. Maji akapewa Kahaso! Akapita akiniuliza, shoga, mpunga utaupanda lini? Jicho kali hilo! Nimeongeza chumvi.

Alhamisi, 27 Februari
Mshale umegonga mwisho. Kwa kipimo hiki nalima baharini! Bwana Mwinga akakuna kichwa. Akachota udongo, akaupima kwenye mizani, akaazima sufuria yangu, akaukaanga, akaupima tena. Mama mkwe akapiga kelele kwamba twarogwa kwa sufuria ya wali! Uzito haukupungua. Maji hayakuwemo! Kumbe kipimo kilirekebishwa kwa udongo wa kituo cha kilimo, wangu hakiujui. Akachukua udongo wangu mwingine, akawa anaulowesha kidogo kidogo na kuweka alama mpya kwenye kioo cha mshale. Kisha akauonja. Akauliza, mama, chumvi hii imetoka wapi? Nikasema ni upepo wa pwani. Akanieleza kwamba mshale ukikuta chumvi hudhani ni maji, nisitie tena hata chembe. Nikaapa. Zamu nikapewa mimi!

Jumamosi, 29 Februari
Nyanya zimesimama! Nauli ipo! Mama mkwe amecheka mpaka akakohoa. Sasa nani atabisha? Chumvi imefanya kazi, ilichelewa tu.

Ila leo Kahaso amemsifu Bwana Mwinga mbele ya watu, eti kijana ana akili huyu! Mashaallah hakusema. Moyo umenipasuka. Naye ni mtoto wa mtu, ana mamaye mahali. Bahati nzuri sanduku la mshale ameliacha kwangu mpaka Jumatatu. Nimelifungua nikalijaza chumvi yote iliyobaki.

Biasha, nyumbani hatuna hata ya mchuzi. Tuma gunia, na unijibu upesi.