Viti vya Akina Mama Vilivyowekwa Rumande

Keji Lokosang,
Hai Cinema, Juba.
Alhamisi.

Kwa Afande Kapteni Makuach, Mkuu wa Kituo.

Afande,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia kwa sababu nikisimama mbele ya askari sauti hunikauka, na kwa Kiswahili kwa sababu nilianza shule Kenya, na akina mama wanasema nawe ulisomea huko. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na ninapenda sana vitabu vya upelelezi. Katika vitabu hivyo, mwizi akikamatwa hadithi imekwisha. Hakuna hata kimoja kinachosema watu walikaa wapi baadaye.

Tunashukuru kwamba ulifanya kazi upesi. Viti vya plastiki vya akina mama wa kanisa letu, ambavyo mtaa mzima huazima kwa harusi na matanga, viliibwa. Ukavipata Nesitu, nje ya mji, juu ya lori, pamoja na Saturnino aliyekuwa amekalia kimoja. Kisha ukavifungia kituoni viwe ushahidi mpaka kesi isikilizwe. Hapo ndipo taabu zetu zilipoanza.

1. Kanisani tunasimama. Mchungaji anadhani ni kwa kuguswa na neno, kwa hiyo anazidi kuhubiri.

2. Koplo Dau wa langoni alituambia ushahidi hauruhusiwi kutoka, lakini hajui sheria inayokataza kuukalia. Basi akina mama wakahamishia mikutano yao uani kwako. Wiki iliyopita hata matanga ya Mzee Isaac, fundi cherehani, yalifanyika hapo. Kijana mmoja aliyekuja kuripoti simu yake iliyoibwa alipewa chai, akaonyeshwa kiti, akaombwa aseme machache kuhusu marehemu. Alilia kuliko sisi majirani. Nadhani simu yenyewe hajairipoti mpaka leo.

3. Saturnino alivibeba viti vyote, kwa hiyo yeye ndiye anayejua vyenye miguu iliyopasuka. Sasa hutolewa seli ili akaribishe wageni. Humwambia mtu mzima bila haya: hicho hapana, mama, kitakuaibisha, njoo huku. Walioibiwa wanamwomba mwizi ruhusa ya kukaa, na shangazi yangu Magdaline humwekea chakula na kumwita mwanangu. Mimi hajawahi kuniwekea.

4. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Dada yangu Scovia anaposwa na Ryan, mwalimu wa hesabu, na wanapendana kweli. Kwetu wajomba wa mwanamume hawazungumzi posa wakiwa wamesimama, wala hawakai chini kuliko wenyeji. Walipokuja mara ya kwanza tuliwatandikia ubao juu ya dumu la maji. Mjomba mkubwa, ambaye ana mwili, alikaa upande mmoja. Mjomba mdogo aliyekuwa upande wa pili akapaa. Wakasema wamelielewa jibu letu, wakaondoka. Scovia hakula siku hiyo. Baba amesema wakiondoka hivyo tena, posa imekufa. Wanarudi Jumamosi.

Shangazi anataka tuwapokelee kituoni. Mimi napinga kabisa. Mkwe anayekaribishwa na bunduki langoni atadhani ameshtakiwa.

Kwa hiyo naomba viti vitoke kwa siku moja tu. Ikiwa ushahidi hauwezi kutoka mikononi mwa polisi, basi Jumamosi uitangaze nyumba yetu kuwa kituo cha polisi. Tuna lango, tuna mbwa, na nyanya huhoji mgeni mpaka akakiri hata asilotenda. Saturnino aje pia, isije ikasemwa ametoroka. Nitamwachia kitanda changu. Na ikiwa hilo nalo ni gumu, tushtaki sisi. Naona katika kesi hii mshtakiwa ndiye pekee mwenye uhakika wa kukaa.

Nisalimie Koplo Dau, askari wote wa zamu, wote walio seli, na yule kijana wa simu akirudi. Nyumbani wote wanakusalimu, isipokuwa Baba, ambaye hajui kwamba nimeandika.

Ni mimi raia wako mtiifu, niliyeiandika barua hii yote nikiwa wima,

Keji Lokosang

N.B. Afande, tafadhali usifanye lolote kati ya hayo. Kabla sijaifunga bahasha, wajomba wamefika, siku mbili mapema. Waliuliza njiani viti vya mtaa viko wapi, wakaenda moja kwa moja kwako. Tulipowakuta walikuwa wameshakaa, na Baba ameikubali posa papo hapo. Wanasema ahadi iliyotolewa mbele ya askari hakuna atakayeikana, na kwamba harusi ifanyike uani kwako au isifanyike kabisa. Scovia yuko jikoni anacheka peke yake. Kwa hiyo usitoe hata kiti kimoja, na kesi iahirishwe. Shida ni kwamba wageni watakuwa wengi kuliko ushahidi. Ikiwa kuna wizi mwingine wowote wa viti hapa Juba, nakuomba uufuatilie haraka sana.