Kyrie ya Sauti Nne

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeipata! Nyuma ya kabati la sakristia, imeliwa na mchwa pembezoni tu: Kyrie ya sauti nne, wimbo wa misa wa kumwomba Bwana huruma, uliotungwa Ulaya karibu miaka mia tano iliyopita. Imekuja kwa wakati wake. Jumamosi Padri Aristote atazisikiliza kwaya mbili za parokia. Moja itamwimbia Askofu Jumapili. Nyingine itavunjwa, na waimbaji wake watawekwa chini ya mshindi. Kwaya yangu ina miaka thelathini na mmoja. Ya Mama Anastasie ina kinanda cha umeme. Aibu!
Nimezisoma noti, kisha nimefumba macho. Sauti moja huinuka kama ukungu juu ya mto Lualaba. Ya pili huifuata, kisha ya tatu, na hakuna iliyo chini ya nyingine. Mke wangu asema chai imepoa mara mbili.

Jumanne, 5 Agosti
Hila kamili. Kila sauti nitaifundisha peke yake, wimbo usiibwe. Soprano jikoni kwangu. Alto katika shamba la karanga. Tenori nyuma ya shule. Besi kwa mwenzao Glody, kwenye kituo cha motari, waendesha pikipiki wa abiria. Zitakutana mara ya kwanza mbele ya Padri. Hata waimbaji watashangaa!

Jumatano, 6 Agosti
Mama Anastasie alikuja kuomba chekecheo. Mpelelezi! Aliuliza: “Mwalimu, ile sauti ya jikoni iko ya nini? Ni kama mutu anatafuta mbuzi yake.” Chekecheo nilimpa lenye tundu.

Alhamisi, 7 Agosti
Olga, kiongozi wa soprano, ameuliza wafanye nini wengine wakianza kuimba. Nikamjibu: waheshimuni. Jibu fupi, sahihi. Nimelirudia kwa makundi yote manne.

Jumamosi, 9 Agosti
Besi walianza. Ukungu wenyewe! Tenori wakaingia. Besi wakanyamaza, kama inavyompasa mtu mwenye adabu mwenzake anapofungua kinywa. Glody alivua hata kofia. Alto wakaingia, tenori wakanyamaza. Soprano wakaingia; wote wakaketi.
Kisha kimya. Olga akawainamia besi: “Karibuni, baba zetu.” Glody akakataa: “Hapana, mama, mumalize kwanza.” Hapo Olga alisahau adabu, akaimba, na Glody naye akasahau. Sauti mbili pamoja, kwa muda wa pumzi mbili. Paa la kanisa liliondoka. Niliona mbingu ya Kasongo, nyeupe, bila ukingo.
Wakaombana radhi, wakanyamaza.
Padri Aristote alikuwa akiuma mkono wa kanzu yake. Ameamua. Kwaya yangu haipo tena.

Jumapili, 10 Agosti
Nimeimba besi, safu ya mwisho, nyuma ya kinanda. Mama Anastasie alininong'oneza: “Mwalimu, cheka kidogo, Baba Askofu iko anatuangalia.” Nilionyesha meno.
Baada ya misa Mama Anastasie alinifuata nje. Akauliza zile pumzi mbili zilikuwa kitu gani, na kama naweza kuwafundisha watu wake.
Nimekubali! Nimerudi kabatini. Ipo nyingine, ya sauti nane. Kosa la safari iliyopita ni dhahiri: sauti nne zilikuwa chache mno. Safari hii nitafundisha mahali panane, kila kundi kwa siri. Besi wa pili nitawapeleka hadi kijiji cha Lusangi.