Mama Mkwe Ndani, Mimi Nje

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo mimi ni mlezi wa watoto! Kibao kimepanda mlangoni: WILLIS, MALEZI YA KIMATAIFA, MALABA. Kimataifa kwa sababu ukisimama karibu na choo chetu unaiona Uganda. Akina mama wa hapa huvuka mpaka kila asubuhi kufuata ndizi na mchele, na hawana pa kuacha watoto ila kwa Mama Vivianne, upande wa pili wa barabara, mwenye bembea na maringo.

Mke wangu Asekenye hakucheka. Alisema tangu kompyuta ininyang'anye kazi ya kukimbiza karatasi za madereva wa malori, nimefuga kuku wakafa, nimeuza miwani ya jua msimu wa mvua, na yeye amechoka. Hii ndiyo ya mwisho. Ikianguka kabla ya Jumapili, narudi Marachi kulima mihogo na kaka yangu Methuselah. Mihogo! Mimi! Mgongo ulianza kuniuma hapo hapo.

Jumanne, 4 Machi

Watoto watatu. Wawili ni watu wazuri. Wa tatu anaitwa Quinton, ana miaka mitatu, na anauma. Nimeumwa goti.

Saa sita nikatangaza wakati wa kulala. Mlezi wa kisasa lazima awe na ratiba. Niliimba mpaka usingizi ukaja. Ukanijia mimi. Kuzinduka, nyumba kimya, mlango wazi, watoto wote wako kwa Mama Vivianne wanakunywa uji! Aliwarudisha mwenyewe, polepole, ili barabara nzima ione. Mama Quinton alikuwa ameshafika. Aliniambia kwamba boss, mtoto si mbuzi wa kufunguliwa asubuhi. Akaongeza kwamba kama hapa hakuna mama mzee wa kuangalia mambo, yeye anahama.

Mama mzee. Wazo limeingia!

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia simu mama mkwe, Mama Benedetta, huko Angurai. Amelea watoto wake wote na nusu ya wajukuu wa kijiji. Kazi sikuitaja, angekataa. Nilimdokezea tu kwamba bintiye anatapika asubuhi. Si uongo kabisa. Asekenye alitapika kweli, mwezi wa kwanza, sababu ya dagaa wa omena.

Kabla ya saa nne boda boda ikamshusha, kuku kwapani. Nikatoka mbio kumpokea. Akageuza uso, akajifunika leso, akajificha nyuma ya ua. Ndipo nikakumbuka. Mila! Kwa Wateso, na hata kwetu Marachi, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja.

Na nyumba yangu ni chumba kimoja. Akiingia, natoka.

Aliingia.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika nikiwa chini ya ukingo wa bati, mvua ikinipiga miguu. Jana jioni iligundulika kwamba hakuna mimba. Asekenye alinifokea kwa Kiteso, ambacho hutumia kwa mambo mazito. Kuku aliliwa ndani. Nilipewa shingo kupitia dirisha. Kulala, mama mkwe hawezi kulala kwa mkwe, kwa hiyo alilala kwa Mama Vivianne. Kwa adui!

Lakini mama mkwe hakuwaacha watoto, na sasa wanalala. Wanakula. Quinton anasema asante. Wameshakuwa saba.

Naendesha kituo kupitia Quinton huyo huyo. Nilimtuma amwambie nyanya kwamba mkurugenzi anataka watoto wafundishwe Kiingereza. Alirudi na jibu: nyanya anasema mkurugenzi ateke maji. Nikateka. Mama mmoja mgeni akanikabidhi mwavuli, akaniambia mzee, fungua geti. Nilimweleza kwamba hiki kituo ni changu. Alicheka, akasema soja wa hapa ana mchezo. Iliniuma sana, kuliko hata goti.

Ijumaa, 7 Machi

Shuka! Nimelifunga katikati ya nyumba, ukuta hadi ukuta. Upande wake chumba, upande wangu chumba. Mila itasema nini? Mama mkwe alikohoa tu. Nikahesabu hiyo ni ndiyo.

Mchana joto la bati likazidi. Nikavua shati. Nikaanza kula ugali. Quinton akaligundua shuka, akaning'inia.

Shuka likaanguka. Kifua wazi, tonge mdomoni, na mama mkwe ananitazama!

Alipiga ukemi uliosikika mpaka kwenye foleni ya malori. Akamfunga mtoto mdogo mgongoni, akavuka barabara. Watoto wote wakamfuata, mmoja nyuma ya mwingine. Quinton aligeuka, akarudi mbio, nikadhani amenionea huruma. Alikuwa amesahau kikombe.

Jumamosi, 8 Machi

Asekenye hakufoka. Ni mbaya zaidi. Alisema akina mama wote wamemwendea mama yake. Wanamtaka yeye, tena hapa kwetu, kwa kuwa maringo ya Mama Vivianne yamewachosha. Mama amekubali. Anadai mbuzi wa kuondoa ile aibu ya kifua, na mkwe asikae karibu.

Kwa hiyo kazi haikuanguka! Nikarukaruka. Asekenye akanikalisha. Kazi imesimama imara, alisema, na ndiyo maana unaenda Marachi. Nikauliza, na mila ya kulala kwa mkwe? Akasema mkwe asipokuwepo, hapa ni kwa mkwe gani? Kibao kimepakwa rangi upya: NYANYA BENEDETTA. Nililia kidogo, nyuma ya choo.

Jumatatu, 10 Machi. Marachi

Mihogo haina mwisho. Methuselah na mkewe wako shambani tangu alfajiri, majirani vilevile, na watoto wanazurura bila mtu. Hakuna mlezi hata mmoja kijiji kizima! Kinachokosekana ni mama mzee.

Mimi si mjinga, makosa yangu nayaona. Kosa lilikuwa kumwita mama mkwe wangu mwenyewe. Safari hii nimempigia simu mama mkwe wa Methuselah. Nimemdokezea kwamba bintiye anatapika asubuhi. Anafika kesho na mizigo yake. Methuselah sijamwambia. Nataka atoke shambani amkute ameshakaa ndani, afurahi.